Tisa Nukta Nne

Koplo alishika kalamu juu ya fomu ya mali iliyoibwa, akamtazama Mkurugenzi kwa utulivu wa mtu aliyebakiza miezi minne astaafu.

"Aina ya mali?"

"Namba," alisema Mkurugenzi.

"Namba ya gari?"

"Namba tu. Ya kwenye ripoti."

"Rangi?"

Inspekta, aliyekuwa amesimama dirishani, aligeuka. "Ruka hapo, Koplo. Andika 'imebadilishwa', tuendelee."

Inspekta alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini. Watu walilazimika kuinama ili wamsikie, na wakishainama, mara nyingi walisema zaidi ya walichokusudia. Alivuta kiti, akaketi mbele ya meza pana ya Mkurugenzi wa Mipango ya Nishati. Ilikuwa Alhamisi, saa tatu asubuhi. Mkurugenzi alivaa suti mpya ya kijivu, na mkononi, karibu na kifundo, ulining'inia uzi mweupe ambao mtu alisahau kuukata.

"Nieleze kama unamweleza mtu asiyejua kitu," alisema Inspekta. "Hutakuwa unakosea."

"Ofisi yetu ina modeli. Unaiwekea mvua, unaiwekea uchumi, unaiwekea joto na mahitaji ya umeme yanavyokua kila mwaka. Inakupa picha ya miaka ishirini na tano ijayo. Mwaka jana ukuaji wa mahitaji ulikuwa asilimia nne nukta tisa. Ripoti ya safari hii imetoka kwa mpiga chapa ikiwa na tisa nukta nne. Mtu amezigeuza tarakimu. Makusudi."

"Tofauti yake ni kubwa?"

"Kwa tisa nukta nne, tutahitaji umeme mara tisa ya huu wa leo. Jana jioni karani wa Kamati inayopitisha ripoti zetu alinipigia simu. Aliniuliza kama kweli ofisi yangu inaamini kwamba kila nyumba yenye friji moja itakuwa na mafriji tisa."

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia simu inakatakata."

Koplo aliandika.

"Na ripoti inapendekeza nini?"

Mkurugenzi alionyesha ramani ukutani. Bonde moja refu lilikuwa limepakwa rangi ya bluu. "Bwawa. Lianze mara moja. Humo wanaishi watu elfu nane. Kamati inakaa leo saa tisa alasiri. Wakipitisha, barua za kuhama zinatoka Jumatatu."

"Basi waambie kuna kosa."

"Siwezi kwenda kuwaambia kuna kosa bila kuwaambia la nani." Mkurugenzi alishusha sauti. "Na ninalijua ni la nani. La yule binti anayeendesha modeli. Tumegombana naye mwezi mzima, hataki kutoa namba. Kompyuta inaonyesha badiliko lilifanywa kwa jina lake, Jumanne saa nne na dakika kumi na saba asubuhi. Nimemweka stoo."

"Umemweka wapi?"

"Stoo. Kuna kiti."

"Wewe Jumanne saa nne ulikuwa wapi?"

"Kwenye kikao cha nje," alisema Mkurugenzi haraka. "Cha wadau."

Inspekta aliutazama ule uzi, kisha akainuka.

Hakuanzia stoo. Desturi yake ilikuwa kumwacha mshukiwa wa kwanza awe wa mwisho, kwa sababu mshukiwa wa kwanza huwa amechaguliwa na mtu mwingine. Alianzia ghorofa ya pili, kwa Mchumi, mwanamume wa makamo mwenye tai na meza isiyo na karatasi hata moja.

"Nakuuliza kuhusu namba," alisema Inspekta.

Mchumi aliinama ili asikie. Uso ukamshuka. "Ni ile saba, sivyo?"

Inspekta hakuwa amesikia habari za saba yoyote. "Endelea."

"Ukuaji wa uchumi, asilimia saba kwa mwaka. Niliitoa kwenye Mpango wa Maendeleo."

"Na wao waliitoa wapi?"

Mchumi alirekebisha tai. "Kwetu."

"Kwenu wapi?"

"Kwenye ripoti yetu iliyopita. Ambayo iliitoa kwenye Mpango."

"Wa kwanza kabisa kuisema ni nani?"

"Nilitafuta, afande. Nilirudi nyuma miaka kumi na minne. Kila mmoja anamtaja mwenzake. Nikifika mwisho, najikuta nimerudi mwanzo." Alipangusa jasho. "Sasa nitashtakiwa?"

"Mimi nimekuja kwa tisa nukta nne."

"Ah. Hiyo sijui lolote," alisema Mchumi, na akaonekana mwepesi kama mtu aliyetua gunia.

Chumba cha pili kilikuwa cha mtaalamu wa hali ya hewa, ambaye jengo zima lilimwita Mzee Mvua. Alikuwa na miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani, na rafu ya madaftari ya vipimo iliyofika darini.

"Nimekuja kuhusu namba," alisema Inspekta.

Mzee Mvua alivua miwani zote mbili. "Nilijua siku hii itafika, mwanangu. Nimefuta miaka."

Koplo aliinua kalamu. "Umefuta miaka mingapi, mzee?"

"Nilikuwa na thelathini. Nilitakiwa kutoa mvua ya mwaka wa kawaida. Basi nikaitoa miaka ya ukame, maana haikuwa ya kawaida."

"Na ya mafuriko?"

"Nayo nikaitoa. Ili nisionekane napendelea."

"Ikabaki mingapi?"

"Sita."

"Na wa kawaida wa mwisho ulikuwa upi?"

Mzee Mvua alifikiri. "Mwaka niliooa."

"Umeoa lini?"

"Mjukuu wangu wa kwanza anaingia chuo mwezi ujao." Alirudisha miwani moja usoni. "Mwanangu, ukiifuta miaka yote isiyo ya kawaida siku hizi, hakuna kinachobaki. Nilimwambia Mkurugenzi. Akasema modeli haina kisanduku cha wasiwasi."

Ngazini Koplo alisimama kupumua. "Afande, nina wazo. Badiliko lilifanyika saa nne. Kikao ni saa tisa. Tisa, nne. Mtu anatupa ujumbe."

"Ujumbe gani?"

"Hapo ndipo sijafika."

"Ukifika uniambie. Sasa shuka getini, uombe daftari la mlinzi la Jumanne. Kila kilichoandikwa, hata kama ni paka."

Stoo ilikuwa ghorofa ya chini, kati ya choo na chumba cha mafagio. Mlinzi mwingine alikuwa ameketi mlangoni. Inspekta alimwambia akanywe chai, akasukuma mlango. Haukuwa umefungwa kwa ufunguo. Katikati ya maboksi ya ripoti za zamani aliketi mwanamke wa miaka ishirini na tisa hivi, miguu juu ya boksi, anasoma ripoti ya miaka tisa iliyopita na kuipigia mistari kwa penseli. Wenzake walimwita Binti Hesabu, naye alishazoea.

"Walikosea hata huku," alisema bila kuinua kichwa. Kisha akaona viatu vya polisi, akashusha miguu.

"Nieleze hiyo modeli," alisema Inspekta. "Usiipambe."

"Ni mashine ya 'ikiwa', afande. Ikiwa mvua itakuwa hivi, ikiwa uchumi utakua hivi, basi umeme utahitajika hivi. Watu wanasoma 'basi' tu. Hakuna anayesoma 'ikiwa'."

"Kwenye mahitaji ya umeme wewe uliweka ngapi?"

"Sikuweka. Nusu ya nyumba hazina mita zinazosomeka. Hatujui wanatumia kiasi gani leo, tutajuaje watakachotumia baada ya miaka ishirini na tano? Nikaandika 'kati ya mbili na nane'. Modeli ikakataa, inataka namba moja. Nikaacha kisanduku wazi na nikamwandikia Mkurugenzi barua."

"Mbili mpaka nane. Ni pana."

"Tusichokijua ndicho kipana, afande. Mimi nimekipima tu."

Inspekta alikaa juu ya boksi. "Kwa hiyo kwenye faili lako hapakuwa na nne nukta tisa ya kugeuzwa."

"Hapakuwa na kitu kabisa."

Hapo nadharia ya Mkurugenzi ya tarakimu zilizogeuzwa ikafa kifo cha kawaida. Inspekta aliandika neno "wazi" kwenye kijitabu chake, akalipigia mstari.

"Ukiweka mbili, bwawa linahitajika?"

"Kwa miaka ishirini na tano, hapana. Ukiweka nane, lilipaswa kuanza jana." Binti Hesabu alifunga ile ripoti. "Mwaka jana nilikwenda bondeni kupima mto. Nililala wiki nzima kwa mkunga mmoja. Aliniuliza maji yatafika mlangoni kwake au la, kwa sababu ana wajawazito kumi na wawili na hataki waje kumtafuta wakakuta ziwa. Nikamwambia nakwenda kupiga hesabu. Sasa siwezi kumdanganya kwa namba ya kuokota."

"Jumanne saa nne ulikuwa wapi?"

"Ofisini kwangu, ghorofa ya kwanza. Gizani."

"Kwa nini gizani?"

"Umeme ulikuwa umekatika. Hukatika kila Jumanne. Tuko kwenye mgao."

Inspekta alimtazama. "Ofisi ya Mipango ya Nishati iko kwenye mgao wa umeme?"

"Ratiba tuliipanga sisi wenyewe. Jedwali lilisema matumizi ya jengo hili Jumanne asubuhi ni madogo."

"Jedwali liliona nini?"

"Lilitumia takwimu za Jumanne ambazo umeme ulikatika."

Koplo alifika akihema, daftari la mlinzi mkononi. Alisoma kwa sauti ya mahakamani: "Jumanne. Saa tatu na nusu, umeme umekatika. Jenereta limewashwa. Saa tano na nusu, umeme umerudi. Jenereta limezimwa. Paka hakuna."

"Jenereta linapeleka umeme wapi?"

"Nimeuliza. Ghorofa ya tatu peke yake. Kwa Mkurugenzi, na kwa sekretari wake."

Inspekta alimgeukia Binti Hesabu. "Kompyuta yako ina betri?"

"Ni ya mezani. Ukizima taa ya chooni nayo huyumba."

"Basi saa nne na dakika kumi na saba ilikuwa imezimika. Nani mwingine anajua neno lako la siri?"

Binti Hesabu alikuna shingo. "Twende juu ukaone."

Ghorofa ya tatu, kwenye ubao wa matangazo nje ya mlango wa Mkurugenzi, kati ya ratiba ya usafi na picha ya mashindano ya kuvuta kamba, palibandikwa karatasi yenye neno SIRI kwa herufi kubwa nyekundu. Chini yake yaliorodheshwa maneno ya siri ya wafanyakazi wote, kwa mpangilio wa alfabeti.

"Watu walikuwa wanasahau," alieleza Binti Hesabu.

Inspekta aliingia kwa Mkurugenzi, ambaye alikuwa chooni, akaitazama kompyuta yake. Skrini ilikuwa bado imevikwa nailoni ya dukani. Akatoka. Ilibaki kompyuta moja.

Mama Mihuri, sekretari, alikuwa amefanya kazi mlangoni hapo kwa miaka ishirini na sita na amewaona wakurugenzi saba wakija na kuondoka. Mihuri yake ilisimama mezani kwa kufuata urefu. Alimkaribisha Inspekta kiti, akamtengea Koplo kingine, akamwambia Binti Hesabu, "Umekula wewe?" kabla ya kitu chochote.

"Mama, nimekuja kuhusu namba," alisema Inspekta.

"Ya Jumanne? Niliiweka mimi," alisema Mama Mihuri.

Koplo alikosa pa kuandika, kwa sababu alikuwa ameandaa ukurasa mzima wa ubishi.

"Umelinyamazia hilo siku zote hizi?" aliuliza Inspekta.

"Hakuna aliyeniuliza, mwanangu. Wanauliza wasomi." Alivuta kiti karibu. "Jumanne mpiga chapa alikuja kuchukua ripoti. Akakaa hapo kwenye kochi, ananitazama kama nimemnyima mahari. Nafungua jedwali kwa jina la huyu binti, nakuta kisanduku kimoja kiko wazi na kompyuta inapiga kelele: weka namba. Nikampigia huyu binti, lakini simu za mezani hufa na umeme. Nikampigia Mkurugenzi kwenye simu yake ya mkononi."

"Ulimwambia nini? Maneno yenyewe."

"Nilisema, 'Mkurugenzi, ukuaji tuweke ngapi?' Kukawa na kelele. Kisha nikasikia, 'Tisini na nne.' Nikasema, hiyo si kubwa mno? Nikasikia, 'Imeongezeka tangu mwaka jana.' Nikauliza, niandike hivyohivyo? Sauti ikasema, 'Andika, mama, andika hivyohivyo.' Nikaandika."

"Asilimia tisini na nne?"

"Nami nina akili zangu. Niliona hapana, hiyo si nchi, hiyo ni chachu. Nikaweka nukta katikati."

"Kwa nini katikati?"

"Tarakimu ni mbili, mwanangu. Ningeiweka wapi kwingine?"

Inspekta alifungua kijitabu chake. "Ile sauti. Ilikuwa ya Mkurugenzi?"

Mama Mihuri aliitazama simu yake. "Sasa unavyouliza. Ilikuwa ya mtu mwenye kitu mdomoni. Nilidhani ana mswaki."

Mlango wa choo ulifunguliwa. Mkurugenzi alitokea, koti mkononi, anapangusa maji. Inspekta alilipokea koti lile kwa adabu, kama anamsaidia, akalifunua ndani. Kwenye mfuko palishonwa kitambaa kidogo chenye jina la duka la ushonaji na namba ya simu.

"Koplo, piga hii. Weka spika."

"Inspekta, sidhani kama—" alianza Mkurugenzi.

Fundi cherehani alipokea kwenye mlio wa kwanza. Aliposikia polisi, alinyooka hata kwenye simu.

"Jumanne Mkurugenzi alikuwa kwako?"

"Tangu saa tatu mpaka saa tano, afande. Majaribio ya mwisho ya suti."

"Alipokea simu?"

"Ililia nikiwa nampima. Akabonyeza, akaiweka mezani, maana mikono nilikuwa nimemnyooshea pembeni. Mimi nikaendelea kusoma vipimo."

"Wakati huo ulisoma kipimo gani?"

"Kiuno."

"Ngapi?"

Ofisi nzima ilikuwa imeinama kusikiliza. Mchumi na Mzee Mvua walikuwa wameshafika mlangoni, kila mmoja akijifanya anasoma ubao wa matangazo.

"Tisini na nne, afande. Nikamwambia imeongezeka tangu mwaka jana. Nikamwambia mke wangu aandike hivyohivyo, yeye ndiye anashika daftari. Nilikuwa na pini mdomoni. Mkurugenzi akasema haiwezekani, tepe yangu imenywea."

"Ahsante, fundi. Kazi nzuri."

Mkurugenzi aliketi kwenye kochi la mpiga chapa. Alijitazama tumboni, kisha akaitazama ile ramani kupitia mlango uliokuwa wazi, bonde lote la bluu na watu wake elfu nane.

"Nilisikia simu ikiongea," alisema hatimaye. "Nilidhani ni Mama Mihuri ananikumbusha dawa."

"Saa saba sasa," alisema Inspekta. "Kuna njia mbili. Nisome maelezo ya fundi mbele ya Kamati, pamoja na vipimo. Au useme mwenyewe."

"Vipimo vyote?"

"Mpaka shingo."

Mkurugenzi alivuta pumzi. "Nitasema. Lakini nikisema namba si hiyo, wataniuliza ni ipi. Niwaambie nini? Nne nukta tisa?"

"Hiyo ya mwaka jana mliitoa wapi?"

Alimtazama Mama Mihuri. Mama Mihuri alianza kupanga upya mihuri yake, ingawa ilikuwa imepangwa.

"Sitaki hata kujua," alisema Inspekta. "Barua ya huyu binti iko wapi?"

Ilipatikana kwenye trei ya Mkurugenzi, ya nane kutoka juu, haijafunguliwa.

Ukumbi wa Kamati ulikuwa na viti vya ngozi na kipaza sauti kilichokoroma. Mwenyekiti alikuwa mwanamke mnene mwenye mvi, mwalimu mkuu mstaafu, aliyeketi na kalamu nyekundu mkononi. Inspekta na Koplo walisimama nyuma, karibu na mlango.

Mkurugenzi alipanda jukwaani. Alifunga kifungo cha koti, akakifungua.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, ukurasa wa kumi na mbili una namba isiyo na msingi. Kosa lilitoka ofisini kwangu, na limetoka kwangu mimi. Mtaalamu wetu aliniandikia barua ya kunitahadharisha, sikuisoma. Ninaomba aisome yeye."

Alishuka bila kutazama kando. Koplo alinong'ona kwamba suti kwa kweli ilimkaa vizuri.

Binti Hesabu alisoma barua yake. Alipofika kwenye "kati ya mbili na nane", mjumbe mmoja alicheka. Mwenyekiti alimtazama mjumbe huyo mpaka akaacha.

"Binti, unatuambia hujui?"

"Sijui, mheshimiwa. Mvua nayo hatuijui vizuri, maana mtaalamu wake aliitoa miaka ya ukame na ya mafuriko, na ukuaji wa uchumi tumeazimana. Lakini ninajua nifanye nini ili nijue. Mita zinazosomeka kwenye nyumba elfu mbili, na vipimo vya mto kwa misimu miwili. Hapo nitakuletea upana mdogo zaidi. Namba moja sitakuletea."

"Na hao watu wa bondeni?"

"Wasihamishwe kwa sababu ya kitu ambacho hatujakipima."

Mwenyekiti aligeuza kurasa za ripoti, taratibu, mpaka ya mwisho. "Nimekaa kwenye kiti hiki miaka kumi na mmoja," alisema. "Kila mwaka naletewa namba moja iliyovaa vizuri. Kila mwaka inakosea, na anayefuata ananiletea nyingine bila kuitaja ile ya kwanza. Wewe ndiye wa kwanza kusimama hapo ukaniambia umbali wa kosa lako." Alipiga mstari mwekundu juu ya pendekezo la bwawa. "Barua za kuhama zisitoke. Upewe mita, upewe misimu yako miwili. Na yule mtu wa mvua airudishe miaka aliyoitoa."

Mzee Mvua, safu ya tatu, alivua miwani zote mbili.

Nje, kwenye ngazi, jua lilikuwa limeanza kulegea. Koplo aliketi, akaiweka fomu juu ya goti, akatafuta pa kuandika jina la mtuhumiwa, akaikunja na kuitia mfukoni. Binti Hesabu aliwafuata akikimbia, barua bado mkononi.

"Afande, kesho nifike kituoni saa ngapi?"

"Kufanya nini?"

"Mkurugenzi aliniambia nimekamatwa. Ndiyo maana sikutoka stoo."

"Hujakamatwa. Hukuwahi kukamatwa."

Binti Hesabu alisimama akilitafakari hilo. "Lakini alisema kwa uhakika kabisa."

"Hayo," alisema Inspekta, "yalikuwa makisio yake."